Walichokibeba kutoka Mlimani

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mhitimu alitumikie taifa kwa miaka 2: miezi 5 kambini katika Jeshi la Kujenga Taifa, na muda uliobaki kazini kwake, akilipwa asilimia 40 ya mshahara. Wao walikataa. Bango moja lilisema afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kwamba mshahara wake mwenyewe atauteremsha kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300. Miezi 4 haikutimia, likaja Azimio la Arusha.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama kisa cha siasa, cha Rais na vijana waliomkera. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, na ninakisoma kama kisa cha malezi. Wengi wa vijana wale walitoka vijijini. Wazazi wao walilima pamba, kahawa na korosho, na masomo yao yaligharimiwa na jasho la wakulima hao hao. Hawakuzaliwa wakiamini kwamba asilimia 40 ya mshahara wa msomi ni tusi. Imani hiyo ilianza shuleni, na chuo kikaikamilisha: vyumba safi vya bweni juu ya kilima, chakula kilichopikwa na wengine, joho, na ahadi ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua, kwamba viti vya Waingereza waliokuwa wakifungasha virago serikalini vilikuwa vinawasubiri wao. Hakuna mhadhiri aliyesimama ubaoni akafundisha kumdharau mkulima. Haikuhitajika.

Ninaanzia hapo kwa sababu kila mwaka msimu wa mahafali unapofika tunasikia hotuba zilezile kuhusu maadili ya wahitimu, na karibu zote zinalitafuta tatizo kwenye mitaala. Ongeza kozi ya uzalendo, ongeza kozi ya maadili, ongeza kozi ya ujasiriamali. Naamini tunatafuta pasipo. Chuo humlea kijana kwa jinsi chenyewe kinavyoishi, na kile alichokipata huko hakidumu ila akiendelea kuishi na watu wanaokithamini. Ushahidi wa mambo yote mawili tunao hapahapa Mlimani, kwenye kilima cha chuo hicho, tena kwa majina.

Muda mfupi tu baada ya maandamano yale, kilima kilekile kilitoa watu wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1967 wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Hakikuwa chama kikubwa. Kilikuwa kikundi cha watu waliofahamiana. Jumapili walikutana kwa madarasa ya itikadi yasiyokuwa na mtihani wala alama. Walisoma, wakabishana, wakaandika. Jarida lao liliitwa Cheche, na mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu lenye andiko refu la mwanafunzi wa sheria, Issa Shivji, lililohoji kama utaifishaji uliofuata Azimio ulikuwa umempa mfanyakazi na mkulima mamlaka yoyote ya kweli. Mmoja wa wahariri wake alikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo kwa muda mwaka 1966 na 1967, akarudi mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoididimiza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, kilikomaa katika mabishano ya kilima hicho.

Tukio moja la wakati huo laeleza mengi kuliko mtaala wowote. Wanafunzi walikuwa na desturi iliyorithiwa Uingereza: siku moja kwa mwaka walivaa matambara, wakapanda malori na kuzunguka mjini wakichangisha fedha za misaada. Mwaka 1968 vijana wa USARF waliipinga siku hiyo kwa vitendo, wakatoa upepo kwenye matairi ya malori. Hoja yao ilikuwa rahisi: katika nchi ambayo watu wanavaa matambara kwa sababu hawana nguo nyingine, msomi hawezi kuyavaa kama mchezo. Kukumbatia hoja ya namna hiyo kulimgharimu kijana marafiki, na huenda hata usingizi. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba mafunzo hayo hayakutoka kwenye kozi iliyosajiliwa. Yalitoka kwa wenzake wa chumba cha jirani, waliomtazama usoni wakamuuliza anasimama upande gani.

Mwenye shaka atauliza, na ana haki: je, chuo kiliwabadilisha, au walikwenda wakiwa hivyo tayari? Museveni mwenyewe ameeleza kwamba aliichagua Dar es Salaam badala ya Makerere ya kwao kwa sababu ya siasa za Nyerere na kwa sababu wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa hapo. Kwa mtu kama yeye, chuo kilikuta moto umekwisha kuwashwa. Hata hivyo mtu haishi kwa hamu peke yake. Chuo kilimpa lugha ya kuisema hamu ile, wenzake wa kuijaribu pamoja nao, na mwaka 1968 safari ya kwenda maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji. Wapo wengi waliofika vyuo vingine na hamu kama hiyo, ikazimika kwa kukosa mwenza.

Swali hili, kama chuo humbadilisha mtu kweli, lilipata jibu zuri mbali sana na hapa, katika chuo kidogo cha wasichana kiitwacho Bennington, jimbo la Vermont nchini Marekani. Kati ya 1935 na 1939 mtaalamu wa saikolojia ya jamii, Theodore Newcomb, aliwafuatilia wanafunzi waliotoka familia tajiri za kihafidhina na kuingia katika chuo chenye walimu wa mrengo wa kushoto. Uchaguzi wa rais wa 1936 ulipofika, asilimia 62 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimtaka mgombea wa kihafidhina, Landon, karibu sawa na wazazi wao. Kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne walimtaka asilimia 15 tu. Walioheshimiwa chuoni walikuwa wenye mawazo mapya, na msichana aliyetaka kuheshimika alijifunza haraka.

Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni kilichofuata. Newcomb aliwatafuta tena wanawake wale mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakawatafuta kwa mara nyingine, sasa wakiwa bibi wenye wajukuu. Wengi wao walikuwa bado na misimamo ileile ya chuoni. Maelezo aliyoyapata yalihusu maisha ya baadaye: waliolewa na wanaume wenye mwelekeo huo, wakachagua marafiki wa namna hiyo. Wachache walioingia katika ndoa na mitaa ya kihafidhina walirudi taratibu kwenye mawazo ya wazazi wao. Chuo kilikuwa kimepanda. Waliomwagilia ni waume, majirani na marafiki.

Turudi na kipimo hicho Mlimani. Serikali iliifunga USARF pamoja na Cheche mwezi Novemba 1970, na vijana wale wakatawanyika. Shivji alibaki chuoni akifundisha sheria hadi 2006. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyokwenda kuwasikiliza wanavijiji wenyewe, na serikali ilipopitisha sheria za ardhi za 1999 bila kuyachukua mapendekezo ya msingi ya tume hiyo, alisema wazi na kuandika wazi. Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba, akafundisha Muhimbili na nje ya nchi, na mwaka 2010 akahariri kitabu cha kumbukumbu za Cheche pamoja na wenzake wa ujana. Zingatia hilo: miaka 40 baadaye walikuwa bado wanaandikiana, wanasahihishana, wanadaiana maelezo.

Museveni alikwenda kwenye jeshi na dola. Aliingia madarakani Januari 1986, na katika maneno na maandishi yake ya miaka hiyo aliwalaumu viongozi wa Afrika wanaong'ang'ania madaraka. Mwaka 2005 ukomo wa vipindi vya urais uliondolewa katika katiba ya Uganda, na mwaka 2017 ukaondolewa ukomo wa umri. Watu wengi humtaja kama mfano wa mtu aliyewasaliti wenzake wa Jumapili. Mimi sitaki kuhukumu moyo wa mtu. Ninachokiona ni kwamba tangu alipotoka Mlimani hakuishi tena kati ya watu wenye uwezo wa kumwambia, bila kuogopa, kwamba hoja yake leo ni dhaifu. Aliishi kati ya watu waliompigia saluti. Mtu yeyote, hata aliyesoma vitabu vyote vya ukombozi, akikaa humo miongo kadhaa atabadilika.

Mfano mwingine ni Willy Mutunga wa Kenya. Alisoma sheria Dar es Salaam, akahitimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati kitivo cha sheria kilipokuwa kinafundisha sheria pamoja na historia na uchumi wa jamii inayoitumia. Alirudi Nairobi akafundisha chuo kikuu, akaingia katika chama cha wahadhiri, akawekwa kizuizini mwaka 1982, akashiriki kuanzisha Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ambayo ni asasi ya kiraia, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa kwanza chini ya katiba mpya. Kila hatua ya safari hiyo ilikuwa ndani ya kundi: chama, asasi, jopo. Sidhani mtu mmoja aliye peke yake angeweza kuivumilia.

Hadi hapa nimezungumzia watu mashuhuri, na ipo hatari ya kuikumbuka Mlimani ya zamani kama kiwanda cha wazalendo. Haikuwa hivyo. Wanachama wa USARF walikuwa wachache. Wengi walisoma, wakafaulu, wakapangiwa kazi wizarani na katika mamia ya mashirika ya umma yaliyoundwa baada ya 1967. Hao ndio walioiendesha nchi, na habari zao ndizo zinazotufundisha zaidi. Walipita chuoni wakati Miiko ya Uongozi ya Azimio la Arusha ikihubiriwa kila siku: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika kampuni. Waliijibu vizuri kwenye mitihani. Kisha Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ikakutana Zanzibar na kuilegeza miiko hiyo, na ndani ya muda mfupi tukawaona wasomi wa kizazi kilekile wakiwa wamiliki wa nyumba za kupangisha, wenyeviti wa bodi za kampuni binafsi, na madalali wa mashirika waliyoyasimamia jana. Kuwa na nyumba ya kupangisha si dhambi, na mshahara wa serikali wa miaka ya 1980 haukutosha hata kulisha familia. Jambo linalonigusa ni wepesi wake. Imani iliyohubiriwa kwa zaidi ya miaka 20 ilivuliwa kama koti, kwa sababu wengi wao waliivaa kwa kuwa kila mtu kazini aliivaa. Mazingira yalipobadilika, nayo ikaondoka.

Ipo pia sura ya chuo ambayo wahitimu wa wakati huo hawapendi kuizungumza. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa na Mzee Punch, kikundi cha siri cha wanafunzi kilichobandika ukutani michoro na maandishi ya kejeli. Awali wengine walimtetea wakisema anawasuta wakubwa. Baadaye aliyesutwa zaidi alikuwa msichana: aliyekataa kutongozwa, aliyekosea kuvaa, aliyethubutu kugombea uongozi. Aliyebandikwa ukutani alitengwa, na wenzake walikatazwa kukaa naye. Februari 1990 binti mmoja aliyeandamwa hivyo alijiua. Hapo ndipo Punch alipopigwa marufuku, na wanaharakati wa kike, wakiwamo waandishi wa habari wa TAMWA, walipaza sauti mpaka nchi nzima ikasikia.

Waliochora walikuwa wachache. Waliopita mbele ya ukuta, wakasoma, wakacheka au wakainamisha kichwa, walikuwa mamia. Mamia hao walihitimu. Wakawa mahakimu, maofisa utumishi, wakuu wa shule, wahariri. Walikuwa wamefanya mafunzo ya miaka 3 ya kuona mtu akionewa mchana kweupe na kuendelea na safari ya kwenda kantini. Leo tunashangaa ofisi ambayo kila mfanyakazi anamjua bosi anayewadai mabinti ngono ili awape ajira, na hakuna anayeandika barua. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imeitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, katika kifungu cha 25. Sheria ipo. Ukimya ndio uliofundishwa kwanza, na walioufundisha hawakujua kwamba wanafundisha.

Je, leo hali ikoje? Chuo kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, sasa kina makumi ya maelfu, na vyuo vimeenea kutoka Dodoma hadi Mwanza na Mbeya. Hilo ni jema bila shaka yoyote. Mtoto wa mkulima wa Kasulu au Newala ana nafasi ambayo babu yake hakuiota. Lakini namna anavyoishi huko imebadilika, na kwa hoja yangu namna ya kuishi ndiyo malezi yenyewe. Bweni halitoshi, anapanga chumba mtaani. Mhadhara una watu mamia, mhadhiri hamjui kwa jina. Anasoma madesa yaliyopita mikono mingi, na swali analoniuliza mara nyingi ni kama mada hii itatoka kwenye mtihani. Simlaumu. Amejifunza kwetu sisi kwamba cheti ndicho kinachohesabiwa.

Mkopo nao unafundisha. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, imewafungulia mlango vijana wengi sana, na bila bumu, yaani fedha za mkopo huo, wengi wao wangeishia kidato cha sita. Ila tuangalie wanachojifunza kutokana na namna mkopo unavyosimamiwa. Mwaka 2016 makato ya mshahara yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15, na yaliwahusu hata waliokuwa wamekopa zamani kwa masharti mengine. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni ilikuja kufutwa mwaka 2021, nafuu kubwa kweli. Lakini tayari kizazi kimoja cha wahitimu kilikuwa kimeona kwamba makubaliano na mkubwa hubadilika bila mdogo kuulizwa. Mhitimu huyo akiwa ofisa mikopo wa benki au msimamizi wa mikataba wizarani, atamtendeaje mteja au mkandarasi mdogo? Aidha, anayeanza maisha na deni, huku wadogo zake wanamtegemea, hawezi kukubali kazi ya kufundisha kijijini kwa moyo tu. Mwaka 1966 vijana walikasirika kupewa asilimia 40 ya mshahara ambao walikuwa na hakika nao. Wa leo wanatembea na bahasha mwaka mzima, na mshahara wenyewe hawajauona. Kuwahubiria uzalendo bila kulitaja hilo ni kuwaonea.

Hata hivyo ninaona vikundi vidogo vikijitokeza. Vijana wa sheria wanaotoa msaada wa kisheria bure kwa wajane wa mitaani. Wa uhandisi wanaokesha karakana kutengeneza pampu ambayo haitawaongezea alama hata moja. Klabu za kusoma vitabu zinazokutana chini ya miti jioni, watu 8 au 10, wanabishana mpaka giza linaingia. Sioni tofauti kubwa kati ya hao na wale wa Jumapili wa 1969. Tofauti ni kwamba hakuna anayewahesabu. Katika ripoti za chuo hawamo, na mkuu wa idara hana fungu hata la kuwanunulia chai.

Hapo ndipo ninapoelekeza ombi langu, kwa vyuo vyetu na kwa Tume ya Vyuo Vikuu. Tafiti za kuwafuatilia wahitimu zinafanyika, na dodoso zake nyingi huuliza mambo yaleyale: umepata kazi baada ya miezi mingapi, unalipwa kiasi gani, je kazi inalingana na shahada yako? Ongezeni maswali mengine. Ni lini mara ya mwisho ulikataa kutia saini jambo ulilojua si halali, na nani alisimama nawe? Ulipoona mwenzako anaonewa ofisini ulifanya nini? Je, una watu watatu uliosoma nao ambao bado wanaweza kukukosoa uso kwa uso? Waulizeni baada ya miaka 5, kisha baada ya miaka 20, kama Newcomb alivyorudi kwa wanawake wa Bennington. Wapeni vikundi vile vidogo chumba, taa na mlezi asiyewaingilia. Majibu yatakapokuja, mkae nayo kabla ya kuandika mtaala mwingine.